Kutoka Kilindini Hadi Ruiru Kumtafuta Aliyeshona Magunia

Nilikwenda bara kwa sababu ya mshono mmoja. Wasomaji wa safu yangu ya meli wananijua kwa herufi mbili tu, S na M, na barua nyingi ninazopokea huanza kwa "Bwana". Basi kabla ya kuanza safari ni bora nieleze mimi ni nani na nilifikaje katika kazi hii, maana bila hayo safari yenyewe haitaeleweka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona magunia. Mume wangu alipofariki nilichukua shazia, ile sindano kubwa yenye ncha iliyopinda, nikaenda Kilindini, nikaketi na wanawake wengine ndani ya shedi, tukawa tunashona magunia yaliyopasuka kabla hayajapakiwa melini. Chuoni nilisomeshwa Kurani na herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu nilijifundisha kwenye magunia: L ya London, H ya Hamburg, kisha nambari za mafungu. Nilipoweza kusoma chapa nilijua meli ipi inapakia nini na itaondoka lini, na wanawake wakazoea kuniuliza mimi kama kesho kuna kazi. Mmoja wao aliolewa na mchapaji wa gazeti dogo la Kiswahili. Mumewe akasema yale majibu yangu niyaandike kila wiki, atayatia gazetini. Sikujua kwamba huo ni uandishi. Nilidhani najibu maswali. Hata baada ya safu kupata wasomaji sikuacha kushona, siku tatu kwa wiki.

Mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari kule bara, meli moja ilikuwa ikipakia magunia ya magome ya miti ambayo Wakikuyu huiita muthanduku. Magome hayo hupelekwa Ulaya kutengenezea ngozi. Kamba ya winchi ikalegea, magunia matano yakaanguka na kupasuka, na ndani magome yalikuwa yameota ukungu mweupe. Ofisa wa meli akakataa fungu zima. Ilisemwa kwamba genge la wapakizi la Mutua, watu kumi na wanne, waliyaacha magunia mvuani mlangoni mwa shedi. Wote wakasimamishwa siku ile ile.

Mimi niliitwa kuyashona. Nikaona mambo mawili. La kwanza, magome yalikuwa yameoza lakini magunia yalikuwa mapya, hayana hata alama ya maji. Mvua haiwezi kupita kwenye gunia bila kulilowesha. La pili, mshono wa juu ulikuwa wa mkono, na ulilalia upande usio wa kawaida. Sisi sote tunaoshona kwa mkono wa kulia, uzi wetu hulalia upande mmoja. Huu ulilala kinyume. Aliyeshona alitumia mkono wa kushoto, na kwetu shedini hakuna mtu wa namna hiyo.

Mutua alinijia nyumbani. Ni Mkamba, mtu mzito, asiyependa kuomba.

"Bi Salma," alisema, "mvua ilinyesha siku gani? Wewe uliandika."

"Jumanne na Jumatano."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

"Mlikuwa mkipakua saruji, gati la pili."

"Basi andika hivyo."

Nilikwenda kwa mhariri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Habari za mishono sichapi. Watasema ni maneno ya wanawake wa shedini. Niletee kitu ninachoweza kuweka juu ya meza."

Magunia yalikuwa yamepigwa chapa ya mraba uliosimama kwa pembe yake, ndani yake nambari arubaini na moja, na chini neno THIKA. Mutua alikuwa na dada huko, Syombua, mke wa mtu wa kiwandani. Akamwandikia barua.

Jumatatu alasiri nilipanda treni daraja la tatu. Nilikuwa na kikapu, buibui langu, na kipande cha gunia chenye ule mshono, nimekikunja ndani ya leso. Nilikuwa sijawahi kupita Mazeras. Mama mmoja wa Voi aliyekaa karibu nami aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa watu wa jamaa. Ulikuwa uongo mdogo, lakini sikuona namna ya kumweleza mtu kwamba naufuata uzi.

Jumanne asubuhi, Nairobi. Baridi iliingia mpaka kwenye meno. Kwenye kituo askari walikuwa wakiwatenga watu: Wakikuyu, Waembu na Wameru mstari mmoja na vitabu vyao vya pasi mkononi, sisi wengine mstari mwingine. Askari aliniangalia buibui, akauliza, "Wewe mtu ya Mombasa?" Nikaitika. "Pita." Mstari wa pili haukuwa umesogea hatua nilipoondoka.

Saa sita mchana treni ya Thika iliondoka. Hapo ndipo nilipoanza kuandika katika daftari. Baada ya stesheni ya Kahawa mashamba ya buni yanaanza, yamepangwa kama mistari ya kitabu, udongo mwekundu kati yake. Tulisimama Ruiru dakika chache. Niliona stoo ndefu ya mabati karibu na reli, sikuitilia maanani. Mbele ya Ruiru, upande wa Juja, ni katani tupu mpaka macho yachoke. Katani hiyo naijua tangu zamani, lakini kwangu ilikuwa robota lenye chapa. Nilikuwa sijapata kuiona ikiwa imesimama na majani yake.

Thika, saa tisa. Syombua alikuwa akiningoja kituoni na mtoto mgongoni. Alinishika mikono miwili.

"Dada, karibu. Kaka yangu ameandika wewe ndiye mama ya meli."

"Mimi ni mshona magunia."

"Ameandika hiyo pia," akasema, akacheka.

Nyumba yao ilikuwa upande wa mashariki wa mji, pamoja na familia nyingine za Wakamba walioletwa na kazi za viwandani. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa. Chakula kilipoletwa Syombua alisema, "Nilijua nyama yetu hutakula, nikapika isyo." Ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Mumewe, Yohana, aliomba sala fupi, akaongeza jina langu na la shemeji yake. Kisha nikatoa kipande cha gunia.

Yohana alifanya kazi ya kuchochea moto katika kiwanda cha magome. Alikigeuza kile kipande mara mbili tu.

"Hii si yetu. Sisi tunashona na mashini."

"Lakini imeandikwa Thika."

"Thika ni jina ya wilaya, dada. Hata ya Ruiru inaandikwa Thika. Hii ya mkono ni ile stoo iko karibu na stesheni ya Ruiru. Kuna tajiri ananunua magome, wanawake wanakata, wanashona." Akanirudishia kipande. "Na paa ya hiyo stoo ni mbaya. Kila mtu anajua."

"Ukiulizwa utasema?"

Alimtazama mkewe kabla ya kunijibu. "Mimi nikiulizwa nitasema nimesikia. Sijaona."

Jumatano nilikaa Thika, kwa kuwa Yohana alitaka kwanza kuuliza kama stoo inafanya kazi wiki ile. Syombua alinipeleka kuona maporomoko ya Chania. Maji yanaanguka kwa kishindo, na juu yake ipo hoteli ya Wazungu yenye bustani. Watu wawili walikuwa wakinywa chai barazani wakiyatazama maji. Tulisimama upande wetu, tukayatazama pia, kisha Syombua akasema kaka yake ana watoto sita. Alikuwa hasemi habari za maporomoko.

Alhamisi asubuhi nilishuka Ruiru. Ile stoo niliyoipita juzi ndiyo niliyoitafuta. Barazani waliketi wanawake, kila mmoja na gunia kati ya magoti. Niliwahesabu: kumi na mmoja. Sikuhitaji kuuliza kitu. Wa tatu kutoka mlangoni, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alivuta uzi kwa mkono wa kushoto.

Karani alikuwa ndani. Niliwaamkia, nikaomba maji. Mmoja alinipa kwenye kibuyu. Nikaketi pembeni kupumzika, nikatoa shazia yangu kikapuni, nikalivuta gunia lililokuwa karibu nikaanza kulishona. Wakaanza kucheka.

"Haiya! Huyu mama wa nguo nyeusi anajua!"

"Nani alikufundisha?" aliuliza yule wa kitambaa cha kijani.

"Wenzangu wa Kilindini. Magunia yenu huja kwetu."

"Yanafika?" Alisimamisha mkono. "Mimi nilikuwa nafikiri yanaisha Nairobi."

Nikawaeleza habari za meli: jinsi magunia yanavyonyanyuliwa kwa winchi na kushushwa ndani ya tumbo la meli, na kwamba safari yake ni wiki nyingi. Walisikiliza kwa makini kuliko msomaji yeyote niliyepata kuwa naye. Mmoja aliuliza kama meli ina moto wa kupikia. Mwingine aliuliza kama ndani ya meli watu wanaombwa pasi. Karani alitoka, akaniona nashona, akadhani nimeandikwa kazi, akarudi ndani.

Saa tisa kazi iliisha, kwa sababu ilibidi wawe ndani ya kijiji kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Yule wa mkono wa kushoto alikwenda peke yake kwa njia ya kijiji cha Gatongora, nami nikamfuata. Aliitwa Wanjiru. Tulipoyapita mashamba ya buni nilimwonyesha kipande cha gunia.

Alikitambua mara moja. "Ni mkono yangu."

"Magome yalikuwa yameoza."

"Ndio. Paa ilivuja wiki mbili. Karani akasema tutoe kwa magunia ya zamani tuweke kwa mapya. Tulifanya siku tatu. Ukungu ilikuwa inaingia kwa pua, tukawa tunakohoa." Alitembea kidogo. "Kwa nini unauliza, mama?"

Nikamweleza habari za Mutua na watu wake kumi na watatu. Sikumficha kitu, hata kwamba ninaandika gazetini. Alisimama katikati ya njia.

"Utaandika mkono ya kushoto?"

"Ndio ushahidi nilio nao."

"Hapa Ruiru nzima mkono ya kushoto kwa hiyo stoo ni mimi tu." Aliongea taratibu, bila hasira. "Bwana yangu amefungwa kambini, mwaka wa pili. Mimi niko na pasi ya kufanya kazi kwa stoo. Bila hiyo kazi pasi inachukuliwa. Nikikosa pasi nitapelekwa wapi na watoto? Wewe utarudi kwa meli yako."

Mbele yetu palionekana handaki la kijiji na miti iliyochongwa ncha, na homugadi wawili, walinzi wa serikali, langoni. Singeweza kuendelea. Nilimwambia kwamba nikirudi mikono mitupu, watu kumi na wanne hawatarudi kazini. Alisema amesikia. Tukasimama hivyo, kila mmoja na watu wake.

Mwishowe alisema, "Magunia ya zamani hayakuchomwa. Karani aliogopa moshi itaonekana. Yako nyuma ya stoo, chini ya nyasi. Yako na chapa ile ile. Hiyo hakuna mkono ya mtu ndani."

"Nitayapataje?"

"Wewe si mshona magunia? Omba."

Akaenda. Hakugeuka, na langoni nilimwona akinyoosha kitabu chake cha pasi kwa mkono wa kulia.

Ijumaa asubuhi, baada ya kulala tena kwa Syombua, nilirudi Ruiru na kikapu changu tayari kwa safari. Wanawake walikuwa barazani. Wanjiru hakunitazama. Nilikwenda moja kwa moja kwa karani, kijana mwenye kalamu sikioni, nikamwambia nanunua magunia makuukuu, natia viraka, nauza pwani. Hayo ni maneno ninayoweza kusema usingizini, maana nimeyasema nusu ya maisha yangu.

"Yako huko nyuma, lakini yameoza, mama," akasema. "Utafanya nini nayo?"

"Gunia halikosi kazi."

"Chukua tu. Utatusaidia kusafisha."

Nilifunua nyasi. Yalikuwa mengi, yamelala kama majani ya migomba yaliyokatwa. Nilichagua mawili ambayo chapa yake ilisomeka vizuri: mraba kwa pembe yake, arubaini na moja, THIKA. Mstari wa maji ulikuwa umepanda mpaka katikati ya gunia, wa rangi ya chai nzito. Nikayakunja, nikayatia chini ya nguo. Karani alinisaidia kukiinua kikapu. Mpaka leo nikimkumbuka siwezi kusema alikuwa mtu mbaya.

Mchana wa siku ile treni ilinitoa Ruiru. Nairobi, askari yule yule au mwenzake aligusa kikapu, akasikia harufu ya ukungu, akauliza ni nini. "Magunia," nikasema. Akanipungia mkono nipite. Nilifika Mombasa Jumamosi asubuhi. Joto lilinipokea mlangoni mwa behewa, na sikuona haja ya kulala kabla ya kwenda kwa mhariri.

Aliyatandika magunia juu ya meza yake. Nikaweka kando yake gunia jipya la fungu lile lile, kavu. Alitazama kwa muda mrefu, akayanusa, akasema, "Hapa hata mtoto ataelewa." Niliandika habari yenyewe mchana ule. Niliandika siku za mvua, genge lilikuwa gati gani, chapa, mstari wa maji. Neno la mshono sikuliandika, wala neno la mwanamke yeyote. Mhariri aliuliza nimeyapataje. Nikamjibu kwamba niliyaomba, nikapewa. Akaliandika hilo vile vile.

Baada ya siku tisa genge la Mutua lilirudishwa kazini. Alinijia nyumbani na wenzake watatu, wakasimama uani, kisha mmoja wao akalirekebisha bati la jiko langu lililokuwa likigonga kwa upepo. Mutua alisema, "Bi Salma, sasa andika juu ya winchi ile," nikaandika juu ya winchi. Safu yangu ilipata wasomaji zaidi. Mhariri alitaka kutia jina langu zima, nikakataa, kisha baadaye nikakubali.

Mwezi wa pili baada ya hapo ikaja barua ya Syombua. Baada ya gazeti kusomwa Nairobi, wakaguzi walifika Ruiru. Stoo ilifungwa. Tajiri alifungua nyingine mbali kidogo, akaajiri watu wengine. Wanawake waliokuwa barazani walikosa kazi wote siku moja, na waliokuwa na pasi za kazi walinyang'anywa. Syombua alikwenda Gatongora kumuuliza Wanjiru. Alimkuta amepata kazi ya kuchuma buni katika shamba jirani, kwa mnyapara anayefahamiana na baba yake. Wanjiru alimpa ujumbe, na Syombua ameuandika kama ulivyosemwa:

"Mwambie mama wa meli sikasiriki. Aliniuliza, nikakubali. Lakini tulikuwa kumi na mmoja, na aliuliza mmoja."

Niliisoma barua hiyo mara kadhaa. Nilikuwa nimedhani kwamba kumficha mtu ndiko kumlinda, na kwamba nikikataa kuandika jina nimemaliza wajibu wangu. Nilijua kuhesabu magunia, magenge, siku za mvua. Wale wanawake wengine niliwahesabu pia, siku ile barazani, nikaandika idadi yao katika daftari, nikafunga. Walinipa maji. Waliniuliza kuhusu moto wa melini. Mimi sikuwauliza kitu.

Nilimjibu Syombua, nikamwomba anitafutie majina yao kumi. Nilimweleza kwamba si ya gazeti. Ilimchukua wiki kadhaa, kwa sababu kila jina lilitaka kwenda kijijini na kuomba ruhusa langoni. Saba aliwapata, na ameandika kila mmoja yuko wapi na anafanya nini. Watatu walipakiwa kwenye lori pamoja na watoto wao asubuhi moja, na hapo Ruiru hakuna anayejua lori lilielekea wapi.